Kioo kinachong'aa au cha mati? Mwongozo kamili wa kuchagua kioo cha laptopu

Malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua laptopu, dukani picha zilikuwa kali na rangi zimekolea, kafika nyumbani kaiweka mezani, na kufika saa nne asubuhi anachokiona ni uso wake mwenyewe na dirisha lililo nyuma yake. Mwingine alishapewa ushauri, akatafuta yenye kioo cha mati, yaani kile chenye uso usiong'aa, akaketi nayo barazani mchana, na bado haoni kitu. Huyu wa pili ndiye anayekasirika zaidi, maana alidhani kafanya kila kitu sawasawa.

Wote wawili walichagua kioo kabla ya kuujua mwanga wao. Uso wa kioo ni sehemu moja tu ya jibu. Zinabaki nguvu ya mwanga wa kioo chenyewe na mahali meza ilipo, na hizo mbili mara nyingi zina uzito kuliko uso. Hatua zilizo hapa chini zinaanzia nyumbani kwako, zinakwenda hadi dukani, kisha kuna sehemu ya yule aliyekwisha kununua na sasa anajuta.

Utakavyohitaji

- Simu yenye tochi. Kioo chake nacho tutakitumia kikiwa kimezimwa.
- Picha mbili ndani ya flashi: moja nyeusi tupu, nyingine nyeupe tupu. Zichore kwenye Paint, haitakuchukua muda.
- Kitambaa laini kisafi, cha aina ya kufutia miwani.
- Namba kamili ya modeli ya laptopu unayoitaka. "HP Core i5" si namba ya modeli.
- Tepu au rula, kama utafika kwenye kubandika filamu.
- Siku moja ya kuichunguza meza yako asubuhi, mchana na jioni. Hiki ndicho watu huruka, na ndicho kinachowagharimu.

## Hatua ya 1: Pima mwanga wa mahali pako

Usianzie dukani. Keti pale unapofanyia kazi. Zima kioo cha simu, kisha iegemeze kwenye kitabu au kikombe mahali ambapo kioo cha laptopu kitakaa, kwa mwinamo ule ule. Itazame.

Simu karibu zote zina kioo kinachong'aa, kwa hiyo kila unachokiona humo ndicho kitakachojitokeza kwenye laptopu ya aina hiyo: dirisha, taa ya dari, mlango ulioachwa wazi, shati lako jeupe. Fanya hivyo asubuhi, mchana, jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Andika unachokiona kila mara.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna jambo la kuzingatia. Dirisha la mashariki hupokea jua la chini kwa saa chache asubuhi, la magharibi jioni, na hayo ndiyo madirisha sumbufu mwaka mzima. La kaskazini na la kusini hupokezana. Dar es Salaam, kwa mfano, jua la mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo meza iliyokuwa na kivuli kizuri Desemba inaweza kukusumbua Juni bila ya wewe kusogeza chochote. Kama unapima mwezi mmoja tu, kumbuka mwanga wa miezi mingine haupo kwenye karatasi yako.

Usisahau mahali pa pili. Wengi wana meza nyumbani lakini kazi yenyewe wanaifanyia kwenye daladala, darasani, chini ya mwembe wa chuo au kaunta ya duka inayotazama barabara. Pima hapo pia.

*Umefanikiwa ikiwa:* unaweza kusema kwa sentensi moja mwanga unatoka wapi na saa ngapi. "Nyuma yangu kuna mlango unaotazama barabara, wazi kutwa." Hiyo inatosha.

## Hatua ya 2: Jua unachopambana nacho

Hapa kuna hesabu kidogo. Usiiruke, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini yule wa barazani hakuona kitu.

Nguvu ya mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Laptopu nyingi za bei ya chini hutoa niti 220 hadi 250. Za kati hufika 300. Nzuri hufika 400 au 500, na chache hupita hapo.

Uso laini wa kioo huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Inaonekana ndogo. Sasa chukua ukuta mweupe ndani ya ofisi yenye taa za kawaida: unatoa kama niti 130, asilimia 4 yake ni niti 5. Hutauona. Chukua dirisha linaloonyesha anga lenye mawingu meupe, tuseme niti 5,000: asilimia 4 ni niti 200. Hapo taswira ya dirisha ina nguvu karibu sawa na laptopu ya niti 250, na maandishi yanaanza kumezwa. Mwisho chukua kanzu nyeupe chini ya jua la saa sita: niti 25,000 hivi. Asilimia 4 ni niti 1,000. Laptopu yako imeshindwa mara nne, na aliyeishinda ni wewe uliyeketi mbele yake.

Kioo cha mati hakifuti mwanga huo. Uso wake una mikwaruzo midogo mno isiyoonekana kwa macho, inayoutawanya. Badala ya kuona umbo la dirisha lenye kingo kali, unaona wingu hafifu lililosambaa. Macho hulivumilia wingu kwa urahisi kuliko umbo, kwa sababu hayavutwi kuliangalia. Lakini mwanga bado upo. Jua likikipiga kioo cha mati moja kwa moja, wingu hilo linageuka utandu mweupe juu ya kioo kizima, na nyeusi yote inakuwa kijivu. Ndiyo sababu mati ya niti 220 barazani haisaidii kitu.

Kuna aina ya tatu ambayo wauzaji wengi huichanganya na mati: kioo kinachong'aa lakini kimepakwa utando wa kupunguza uakisi, kama ule wa lenzi za miwani na kamera. Utando huo hupunguza kweli mwanga unaorudi, hautawanyi. Utautambua kwa rangi: taswira ya taa ndani yake huonekana ya zambarau, bluu au kijani badala ya nyeupe. MacBook zina utando huu. Ni mzuri, ila bado utaliona dirisha, limefifia tu.

Skrini za kugusa za bei nafuu ndizo mbaya kuliko zote. Nyingi zina kioo cha juu, nafasi ya hewa, kisha paneli yenyewe, yaani sehemu inayotoa picha, chini. Kila uso unaakisi kwa zamu yake.

*Kipimo cha kukumbuka:* ndani ya chumba mbali na dirisha, niti 250 zinatosha kwa uso wowote. Karibu na dirisha au darasa la wazi, tafuta 300 hadi 400. Barazani kivulini, 400 kwenda juu na iwe mati. Juani kabisa, hamia kivulini.

## Hatua ya 3: Soma karatasi ya sifa bila kudanganyika

Tafuta namba kamili ya modeli kwenye stika ya chini ya laptopu au kwenye boksi, kisha ifungue kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye tangazo la muuzaji. Nenda sehemu ya "Display".

Maneno yanayomaanisha mati: "Anti-Glare", "Non-Glare", "AG", "Matte". Acer huiita "ComfyView". Maneno yanayomaanisha kinachong'aa: "Glossy", na majina ya kupendeza kama "BrightView" la HP, "TrueLife" la Dell na "CineCrystal" la Acer. Hakuna kampuni inayotangaza kwamba kioo chake kinaakisi, kwa hiyo jina likiwa tamu sana na neno "Anti-Glare" halipo, kadiria kwamba kinang'aa.

"Anti-Reflective" au "AR" ni ule utando wa kama miwani. Baadhi ya ThinkPad zina yote mawili kwa pamoja.

Kisha tafuta niti. Huandikwa "250 nits" au "250 cd/m²", ni kitu kile kile. Karatasi ikinyamaza kuhusu niti, chukulia ni 220 au 250. Kioo chenye niti 400 hakifichwi, kingeandikwa kwa herufi kubwa.

Onyo la kwanza. Modeli yenye jina moja huuzwa na vioo tofauti. Dell Latitude au ThinkPad ya jina lile lile inaweza kuwa na paneli ya TN (aina ya bei nafuu) ya niti 220, ya IPS (aina ambayo rangi zake hazigeuki ukiitazama kwa pembe) ya niti 300, au ya kugusa inayong'aa. Rafiki yako akiisifia yake, haimaanishi hii iliyo mbele yako ndiyo hiyo.

Onyo la pili. Kioo cha TN kikitazamwa kutoka juu au chini rangi hugeuka, na watu hudhani ni mwanga wa dirisha. Ukiona picha inafifia unapoinamisha kifuniko hata usiku, tatizo ni paneli. Mati haitaliponya.

Onyo la tatu, kwa wanaonunua mtumba wa maofisini. Baadhi ya HP EliteBook zina kioo cha faragha kiitwacho Sure View, na baadhi ya ThinkPad zina PrivacyGuard. Vimetengenezwa ili jirani asisome unachoandika, kwa hiyo ukitazama pembeni kioo kinakuwa cheusi au kijivu. Kwenye EliteBook hizo kitufe cha F2 huwasha na kuzima. Hata ikizimwa, nyingi hubaki hafifu kuliko kioo cha kawaida. Mimi siichukui kwa mtu anayehariri picha au anayetaka kuangalia filamu na familia.

## Hatua ya 4: Jaribu dukani, lakini si pale muuzaji anapotaka

Maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue pale Nairobi yana taa kali za dari, na laptopu imewekwa ikimtazama mteja huku video ya rangi kali ikicheza. Mazingira hayo yanakipendelea kioo kinachong'aa. Rangi zinakolea, nyeusi inazama. Cha mati kilicho kando yake kinaonekana kimechoka. Usiamue hapo.

Kwanza, toa plastiki. Laptopu nyingi za mtumba na hata mpya huachwa na karatasi laini ya plastiki juu ya kioo. Plastiki hiyo inang'aa, na inakifanya kioo cha mati kionekane cha kung'aa. Pitisha ukucha kwenye pembe. Ikinyanyuka, omba itolewe. Muuzaji akisema "inakinga vumbi, bosi, acha tu", mwambie utairudishia.

Pili, zima kioo, washa tochi ya simu. Ishike kama nusu mita kutoka kwenye kioo, tazama taswira ya balbu. Nukta kali yenye kingo safi ni kioo kinachong'aa. Nukta kali lakini ya zambarau au kijani ni kinachong'aa chenye utando. Doa pana lililotawanyika bila kingo ni mati. Jaribio hili halidanganyiki, hata kama stika inasema vingine.

Ukiwa hapo hapo, sogeza tochi pembe zote nne. Unatafuta mabaka. Baadhi ya MacBook Pro za Retina za kati ya 2012 na 2015 zilijulikana kwa utando wao kubanduka, zikabaki na madoa kama ya maji yaliyokauka, hasa pale vitufe na pedi ya kugusa vinapogusana na kioo. Apple yenyewe ilifungua mpango wa kubadilisha vioo hivyo bila malipo, mpango ambao hautakufaa leo kwa mashine ya umri huo. Madoa hayo hayaonekani kioo kikiwa kimewaka picha nzuri. Yanaonekana kimezimwa.

Tatu, fungua picha nyeupe kwa mwanga wa juu kabisa. Kwenye mati tazama kama kuna chembechembe zinazometameta, kama sukari iliyomwagwa. Mati za bei rahisi zina hali hiyo. Wengine hawaijali, wengine inawaumiza kichwa. Fungua na ukurasa wa maandishi madogo, usome aya nzima, ndipo utajua uko kundi gani.

Nne, fungua picha nyeusi. Kwenye kinachong'aa utajiona. Hesabu taa za dari unazoziona humo.

Tano, nenda mlangoni. Ndilo jaribio linalopuuzwa kuliko yote. "Kaka, naomba niisogeze mlangoni mara moja, uishike mwenyewe." Akishika yeye hana hofu ya kuibiwa. Simama mgongo ukiutazama mtaa, kioo kikitazama nje, mwanga ukiwa juu kabisa, na soma ukurasa ule ule. Hapo ndipo niti 250 na niti 400 zinapotengana waziwazi.

*Umefanikiwa ikiwa:* umesoma aya nzima mlangoni bila kuinamisha kichwa wala kukiziba kioo kwa mkono.

## Hatua ya 5: Amua kwa kazi, si kwa uzuri

Nitasema msimamo wangu wazi. Kwa mtu wa kawaida wa huku kwetu, anayeandika, anayesoma, anayefungua mahesabu na kuhudhuria mikutano ya mtandaoni, achukue mati ya IPS yenye niti 300 au zaidi. Nyumba zetu zina madirisha makubwa, milango huachwa wazi kwa sababu ya joto, na nusu ya kazi hufanyika nje ya chumba. Kati ya mati ya niti 220 na kinachong'aa cha niti 450 chenye utando, lakini, ningechukua hicho kinachong'aa bila kusita.

Kinachong'aa kina watu wake. Mhariri wa picha au video anayefanya kazi kwenye chumba chenye pazia atapata nyeusi iliyokolea na ukali usio na ukungu. Anayetazama filamu usiku vilevile. Ukitaka OLED, yaani kioo ambacho kila nukta hujiwashia mwanga wake na huzimika kabisa penye weusi, jua kwamba nyingi hung'aa, na uzuri wake wote uko kwenye weusi: ukiiweka mkabala na dirisha umelipia weusi ambao hutauona.

Mwanafunzi wa chuo: mati, bila mjadala. Madarasa yana madirisha pande mbili na hutachagua kiti kila siku. Wakala au mwenye duka ambaye laptopu yake inaketi kaunta ikitazama barabara: mati, na niti nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Anayechora kwa kalamu juu ya kioo: hapo ni skrini ya kugusa, karibu zote hung'aa, na filamu ya mati ya Hatua ya 7 huwa inampendeza, kwa sababu kalamu haitelezi.

Usichukulie mati kuwa kitu cha bei rahisi tu. Tangu MacBook Pro za chipu ya M4 zilizotoka 2024, Apple huuza kioo chenye uso wa kutawanya mwanga kama nyongeza ya dola 150. Ukiwa na fedha hizo na unafanyia kazi karibu na dirisha, ni nyongeza ya maana kuliko kuongeza nafasi ya kuhifadhi mafaili.

Na macho je? Mng'ao hauyaharibu macho. Unayachosha, unakufanya ukunje uso na kuketi upande, na shingo ndiyo inayolipa. Kichwa kikikuuma kila jioni hata baada ya kuondoa mng'ao, kapime macho.

## Hatua ya 6: Umeshanunua kinachong'aa? Anza na visivyo na gharama

Geuza meza. Dirisha liwe ubavuni mwako, kushoto au kulia. Likiwa nyuma yako linaingia kwenye kioo. Likiwa mbele yako macho yanapambana na anga huku yakisoma kioo hafifu. Watu wengi wakifanya hili tu hawahitaji hatua inayofuata.

Vaa nguo nyeusi au ya bluu iliyoiva siku unayofanya kazi mahali penye mwanga mkali. Inachekesha, lakini rudi kwenye hesabu ya kanzu.

Usitumie mandhari meusi (dark mode) mchana. Watu huweka programu zao kwenye mandhari meusi wakidhani inapunguza mng'ao. Kwenye mwanga mkali ni kinyume: eneo jeusi la kioo kinachong'aa linakuonyesha kila kitu kilicho nyuma yako. Maandishi meusi juu ya nyeupe yanaifunika taswira. Meusi yaache kwa usiku.

Zima urekebishaji wa mwanga wa kujiendesha ukiwa kwenye betri. Laptopu nyingi za Windows hushusha mwanga kimyakimya chaja ikichomolewa, na mtu anadhani kioo kimeharibika. Ukipandisha mwanga hadi juu betri itaisha mapema. Siku umeme ukikatika itabidi uchague kati ya kuona vizuri na kukaa na chaji.

## Hatua ya 7: Kubandika filamu ya mati

Filamu nzuri inakigeuza kioo kinachong'aa kuwa karibu na mati. Karibu tu: ukali wa maandishi utapungua kidogo, na chembechembe zile za sukari zinaweza kujitokeza. Kama kioo chako ni cha niti 220, filamu itaiondoa taswira lakini haitakuongezea mwanga.

Pima kioo chenyewe, si inchi za tangazo. Kioo cha inchi 15.6 cha uwiano wa 16:9 kina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha 19.4. Inchi 14 ya 16:9 ni 31 kwa 17.4, lakini inchi 14 ya 16:10 ni 30.2 kwa 18.8. Ndiyo maana filamu ya "inchi 14" inaweza isikae. Filamu iwe pungufu kwa milimita moja kila upande, isipande kwenye fremu.

Chagua nyembamba. Kioo kigumu cha kubandika kama cha simu hakifai kwenye laptopu. Nafasi kati ya kioo na vitufe ni ndogo, ukifunga kifuniko unaweza kupasua paneli.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Zima laptopu, subiri ipoe. Kioo chenye joto hukausha unyevu haraka na kuacha alama.
2. Chagua chumba kisicho na zulia, kidekiwe, feni izimwe. Adui wako hapa ni vumbi. Punje moja chini ya filamu inatengeneza kiputo ambacho hakitatoka chenyewe.
3. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, halafu okota vumbi lililobaki kwa kipande cha selotepu.
4. Laza filamu kavu juu ya kioo bila kutoa karatasi ya nyuma. Iweke sawa, kisha ishikize ukingo mmoja kwa vipande viwili vya selotepu, kama bawaba ya mlango. Watu huiruka hatua hii, ndiyo maana filamu zao zinakaa upande.
5. Hakikisha upande wa mati uko juu. Uguse kwa kidole: una ukavu kama karatasi.
6. Inua filamu kwenye bawaba, toa karatasi ya nyuma sentimita chache, anza kushusha kutoka ukingoni huku ukisukuma hewa kwa kadi ya benki iliyofungwa kitambaa. Endelea kutoa karatasi polepole.
7. Viputo vidogo visivyo na vumbi viache. Vingi hupotea ndani ya siku moja au mbili. Chenye vumbi, inua filamu kwa selotepu, okota punje, rudisha.

Usizibe kamera wala kitundu cha kupimia mwanga. Ukikiziba, laptopu itaamini iko gizani na kushusha mwanga wa kioo.

*Umefanikiwa ikiwa:* jaribio la tochi linaonyesha doa lililotawanyika, na kifuniko kinafunga bila kukisukuma.

## Hatua ya 8: Kubadilisha kioo chote

Hii ni kazi ya fundi, na ina maana pale tu kioo kimepasuka au laptopu ni ya kukaa nayo muda mrefu. Kwenye Latitude, EliteBook na ThinkPad za kawaida zisizo za kugusa, paneli hutoka kwa skrubu chache na kebo moja, na ya mati ya IPS yenye niti zaidi inaweza kuingia mahali pa ile ya TN. Kwenye MacBook na laptopu za kugusa kioo kimegandishwa na kifuniko. Hapo gharama mara nyingi haiingii akilini.

Kabla ya kulipa, fungua programu ya HWiNFO uone jina la paneli, au mwombe fundi asome stika ya nyuma. Jina ni kama NV156FHM-N48 au LP156WF6. Paneli mpya ilingane kwa inchi, azimio la pikseli, namba ya pini za kebo, na mahali kiunganishi kilipo. Laptopu nyingi za Full HD hutumia pini 30. Za kasi ya juu na za kugusa mara nyingi ni 40. Pini 40 za LVDS, mtindo wa zamani wa kupeleka picha kwenye paneli, ni kitu kingine kabisa, na ukilazimisha unaweza kuunguza ubao mama. Masikio ya skrubu nayo yaangaliwe: baadhi ya paneli huja nayo, baadhi hazina.

Betri ichomolewe kabla ya kebo kuguswa. Ukimwona fundi anabadilisha kioo huku betri ingali imechomekwa, chukua kifaa chako uondoke.

Kioo kikishafungwa, uso wa mati unataka upole kuliko unaong'aa. Nyunyiza maji kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zinakula utando, na tishu za chooni zinakwaruza. Ukisugua sehemu moja kwa nguvu siku baada ya siku utailainisha, na itabaki na doa linalong'aa katikati ya mati. Alama za vitufe zikijichora kwenye kioo, safisha vitufe kwanza: mafuta yanatoka kwenye vidole vyako, na kila ukifunga kifuniko yanarudi pale pale.